Mdaiwa kauza stoki yote kwa shemeji yake? Jinsi ya kuyapinga hayo mauzo

Iko hivi. Umempa mtu mzigo kwa mkopo, invoisi zimepita tarehe, kila ukipiga simu unaambiwa wiki ijayo, halafu siku moja unasikia duka limebadilisha jina na stoki yote imeuzwa kwa "mnunuzi mpya" ambaye ukichunguza kidogo tu unakuta ni shemeji yake. Deni lako limebaki kwa mtu ambaye sasa hivi kwa jina lake hana hata kiti. Wengi wakifika hapo wanasema basi, imekula kwangu. Sio lazima ikule. Nchi nyingi zina njia ya mdai kwenda kuyavunja mauzo ya namna hii na wala sio kitu kipya, Warumi wa kale walikuwa nayo, Waingereza wakatunga sheria yao 1571 enzi za Elizabeth wa kwanza, Wafaransa wanayo mpaka leo kwenye kifungu cha 1341-2 cha kanuni yao ya madai.

Kabla ya yote niseme kosa nililofanya mimi maana ndio linalofanywa na karibu kila mtu. Mteja wangu alipouza stoki kimagumashi nilimwendea yeye, siku hiyohiyo, nikafoka pale mpaka majirani wakatoka nje, nikamwambia tutakutana mahakamani. Siku ya tatu nilipopata wakili mzigo ulikuwa umeshahama ghala mara mbili na nusu yake imeshauzwa kwa watu wasiojua lolote. Yaani nilimpa notisi ya bure. Mdaiwa hana kitu tena, kumkimbiza yeye ni kukimbiza kivuli, unachotakiwa kukimbiza ni mzigo, na mzigo ukishayeyuka unakimbiza pesa iliyolipwa na aliyeununua. Ukilishika hilo hatua zingine zote zinaeleweka zenyewe.

Siku za mwanzo, kimya kimya

Usipige simu. Usiandike kwenye magrupu. Kusanya karatasi zako kwanza: invoisi, oda, delivari noti zenye sahihi, meseji alizokiri deni, stetimenti ya akaunti yake kwako. Bila kuonyesha kwamba wewe ni mdai kweli hakuna atakayekusikiliza habari za shemeji.

Halafu soma mkataba wako wa mauzo, hata yale maandishi madogo nyuma ya invoisi. Kama kuna kipengele kinasema mali inabaki yako mpaka ilipwe yote, una njia fupi zaidi, huna haja ya kupinga mauzo, unadai mali yako. Ila angalia, sehemu nyingi mtu aliyenunua dukani kwa nia njema kwenye biashara ya kawaida analindwa hata kama kipengele kipo, na kuna nchi kipengele chenyewe hakina nguvu dhidi ya watu wengine kama hukukisajili. Vilevile nenda kwenye rejista ya dhamana za mali zinazohamishika kama nchi yako inayo, uone kama kuna benki imeshaweka mkono juu ya stoki nzima. Kama ipo, na deni lake ni kubwa kuliko mzigo, kaa chini ufikirie upya maana unaweza kushinda kesi halafu matunda yakaenda benki.

Baada ya hapo ndio unaanza kuangalia mzigo uko wapi. Picha za ghala ukiwa barabarani, tarehe, namba za magari yaliyobeba kama kuna mtu aliziona, jina jipya limeandikishwa lini kwa msajili wa makampuni na wakurugenzi wake ni kina nani. Hiyo taarifa ya msajili ni rahisi kupatikana na mara nyingi ndio inayofungua kila kitu, unakuta kampuni mpya imesajiliwa wiki mbili baada ya wewe kutuma barua ya madai, anwani ileile, simu ileile, mkurugenzi ni mke.

Je ni mauzo ya ulaghai kweli au ni biashara tu imekwenda vibaya?

Hapa jiulize kwa ukweli kwa sababu mtu mwenye madeni ana haki ya kuuza. Duka kazi yake ni kuuza. Akiuza stoki kwa bei nzuri, pesa ikaingia akaunti ya biashara, hapo hakuna kilichoibwa, mali imebadilika tu kutoka mzigo kuwa pesa na pesa hiyo bado unaweza kuifuata. Kinacholeta shida ni pale mali inapotoka na hakirudi kitu cha maana, au kinachorudi kinafichwa.

Njia za kupinga ziko kama tatu na watu huzichanganya. Ya kwanza ni nia: aliuza ili wadai wasipate. Ya pili haijali nia kabisa, inaangalia bei na hali yake, yaani aliuza kwa bei ya kutupa wakati tayari hawezi kulipa madeni, au mauzo yenyewe ndiyo yaliyomfikisha hapo. Ya tatu ni upendeleo, yaani mzigo umepewa mdai mwingine kufuta deni lake na nyie wengine mmeachwa. Hii ya tatu mara nyingi inapatikana ndani ya ufilisi tu na muda wake ni mfupi, Uingereza kwa mfano ni miezi 6 kurudi nyuma, au miaka 2 kama aliyependelewa ni mtu wa karibu wa kampuni.

Ushauri wangu, na mawakili wazuri hufanya hivi, usining'inie kwenye ile ya kwanza peke yake. Neno ulaghai ni zito. Mahakama nyingi zinazofuata mfumo wa Kiingereza zinataka uandike kwenye hati ya madai kila tendo la ulaghai, nani alifanya, lini, vipi, na majaji hawapendi kumwita mtu laghai kwa kubahatisha. Ukiweka na hoja ya bei ya chini kama njia mbadala, hata jaji asiposhawishika kuhusu moyo wa mdaiwa bado anaweza kusema sawa, huyu alikuwa ameshafilisika na mzigo wa 100 umeuzwa kwa 25, mauzo yanavunjwa. Wamarekani wenyewe waliliona hili, ile sheria yao ya mfano kwa majimbo ya 1984 ilikuwa na neno ulaghai kwenye jina, ilipofanyiwa marekebisho 2014 neno likaondolewa kwa sababu lilikuwa linawapotosha watu wafikiri lazima uthibitishe udanganyifu.

Dalili zinazotafutwa

Hakuna mtu anayeandika kwenye karatasi "nauza ili nimtapeli fulani". Kwa hiyo nia inasomwa kwenye mazingira, na orodha ya mazingira hayo imetoka mbali. Kuna kesi ya Uingereza ya 1601, maarufu kwa jina la Twyne. Mkulima mmoja wa Hampshire anaitwa Pierce alidaiwa pauni 400 na Twyne na pauni 200 na mtu mwingine. Huyu wa 200 akaenda kortini. Kesi ikiwa inaendelea, Pierce kisirisiri akamwandikia Twyne hati ya kumpa mali zake zote zinazohamishika, thamani pauni 300, eti kulipa deni. Sawa, deni lilikuwepo kweli. Lakini kondoo hawakwenda popote, Pierce akaendelea kuwakata manyoya, kuwatia alama yake mwenyewe na wengine akawauza. Mahakama ikasema huu ni usanii. Na sababu walizotoa ukizisoma leo unaona duka la shemeji kabisa: alitoa kila kitu bila kujibakizia, alibaki nazo mkononi, ilifanywa kwa siri, kesi ilikuwa imeshafunguliwa, kulikuwa na makubaliano ya kuaminiana chini ya meza. Ninayoipenda zaidi ni ya mwisho, hati yenyewe ilisisitiza kwamba imefanyika kwa uaminifu na nia njema, na majaji wakasema maneno yasiyo ya kawaida namna hiyo ndiyo yanayotia shaka. Kwa hiyo ukiona hati ya mauziano ina aya nzima ya kuapa kwamba hakuna mtu anayedhulumiwa, ipigie mstari.

Siku hizi mahakama zinaongeza zingine. Mnunuzi ni ndugu, mbia, mkurugenzi mwenzake au kampuni ya mtoto. Bei haifanani na thamani. Malipo ni "keshi" isiyopita benki popote, au ni kufuta deni la zamani la familia ambalo halina karatasi hata moja. Mdaiwa bado anaonekana pale kila asubuhi, sasa hivi eti ni "meneja". Vitabu vya hesabu vimepotea au kompyuta imeungua wiki hiyohiyo (inaungua sana hiyo kompyuta). Mauzo yamefanyika siku chache baada ya barua ya wakili.

Dalili moja peke yake haitoshi, ndugu kuuziana sio kosa. Tatu nne zikikaa pamoja, sehemu nyingi kazi ya kueleza inahamia kwao, na hapo ndipo wengi hukwama kwa sababu hadithi ya mdaiwa na hadithi ya shemeji hazifanani kwenye tarehe na kiasi.

Ushahidi wa bei ndio unaopuuzwa

Watu wakishapata habari ya undugu wanaridhika, wanasahau bei. Mawakili wa upande wa pili watasema bei ilikuwa ya chini kwa sababu alinunua kwa jumla, stoki imekaa, nyingine imepitwa na wakati, na watakuwa na pointi. Usilinganishe na bei ya rejareja, utaumbuka. Stoki nzima ikiuzwa kwa mkupuo hushuka, hilo kila mfanyabiashara anajua. Linganisha na bei ya kuinunua upya kutoka kwa wasambazaji, na hapo wewe una silaha maana ni wewe uliyemuuzia, invoisi zako za miezi mitatu nyuma zinaonyesha aliichukua kwa kiasi gani. Tafuta na wadai wenzako walete za kwao. Ukiweza mlipe mthamini akuandikie ripoti, tena aseme wazi anathamini kwa msingi gani: biashara inayoendelea au mauzo ya haraka.

Ulizia pia vitu ambavyo mdaiwa aliviandika mwenyewe kabla hajajua kama kuna kesi. Taarifa ya stoki aliyopeleka benki kuomba mkopo. Bima, alikata bima ya mzigo wa kiasi gani? Ritani za kodi. Mtu aliyeiambia kampuni ya bima kwamba ghala lina 100 na miezi miwili baadaye akauza kwa 25 ana maelezo ya kutoa. Nyaraka hizi huwezi kuzipata kwa kuomba kirafiki, utaomba mahakama iamuru zitolewe, ila lazima ujue mapema nini cha kuomba.

Na fuata pesa mpaka mwisho. Kuna mchezo wa zamani, shemeji analipa kweli, stetimenti inaonyesha kabisa pesa imeingia, halafu siku mbili baadaye inatoka nusunusu kupitia mtu wa tatu na kurudi kwake. Usikubali stetimenti ya siku moja, omba ya miezi sita, ya pande zote mbili.

Kwenda kortini

Kitu cha kwanza ni zuio, yaani amri kwamba mzigo usihamishwe wala kuuzwa mpaka kesi isikilizwe. Hii unaweza kuiomba upande mmoja, kabla wenzako hawajaitwa, kama ukionyesha kwenye hati ya kiapo kwamba wakijua watauficha. Lakini ukiomba upande mmoja lazima useme kila kitu hadi yale yanayokuumiza wewe. Kama alishakulipa sehemu, sema. Kama mna ugomvi kwamba mzigo ulikuwa mbovu, sema. Majaji wakigundua umeficha wanaifuta amri na unaanza vibaya. Pia jiandae, mahakama inaweza kukutaka uweke ahadi ya kulipa hasara ya mnunuzi kama ikionekana baadaye ulikosea, na kwa mzigo mkubwa hiyo ahadi sio mchezo.

Zuio likishatoka ndio unamwandikia mnunuzi barua. Sio kabla. Barua ina kazi yake, kuanzia siku aliyoipokea hawezi tena kusema hakujua, na atakayenunua kutoka kwake akijua naye yuko matatani. Kama zuio limeshindikana basi tuma barua hivyohivyo, angalau inamfunga mdomo.

Washtaki wote wawili, mdaiwa na mnunuzi. Ukimwacha mnunuzi nje, hukumu haimgusi na mali iko kwake. Omba mauzo yatenguliwe kwa kadiri ya deni lako ili mali ikamatwe kama vile bado ni ya mdaiwa, na kama mali imeshauzwa mbele omba mnunuzi alipe thamani yake. Hii ya thamani usiisahau, nimeona mtu kashinda na kupata amri ya kurudishiwa mzigo ambao haupo tena duniani.

Mnunuzi mwenye nia njema aliyelipa bei inayoeleweka analindwa karibu kila mahali, huyo muache, nenda kwenye pesa aliyolipa. Aliyelipa kidogo lakini bila kujua njama yuko katikati, kwa Marekani kwa mfano anahesabiwa kile alichotoa, anarudisha tofauti tu. Kwa hiyo swali la alijua nini na lini ndilo litakalokula muda mwingi wa kesi, meseji na mashahidi wa kawaida kama mlinzi wa ghala, dereva, mfanyakazi wa dukani ndio wanaolijibu. Waongelee mapema na kwa heshima, wengine nao wanadai mishahara.

Muda nao ni wa kuangalia siku ya kwanza. Majimbo mengi ya Marekani yanatoa miaka 4 kuanzia siku ya mauzo, sheria yao ya shirikisho ya ufilisi inarudi nyuma miaka 2. Uingereza mfilisi wa kampuni (yule anayekabidhiwa mali za kampuni iliyoshindwa kulipa) anarudi miaka 2 kwa mauzo ya bei ya chini, ila kifungu cha 423 cha sheria yao ya ufilisi ya 1986 kinamruhusu aliyeumizwa kushtaki hata kama hakuna ufilisi wowote, mradi athibitishe lengo lilikuwa kuiweka mali mbali na wadai. Ya kwako muulize wakili, siku hiyohiyo.

Muulize pia kuhusu notisi ya kuuza biashara nzima, ni njia ya mkato ambayo watu hawaijui. Kuna nchi zinataka anayeuza biashara au sehemu kubwa ya stoki nje ya mauzo ya kila siku atangaze kwanza ili wadai wajitokeze. Kenya ina sheria ya uhamishaji wa biashara, sura ya 500, ambayo aliyechukua biashara bila notisi inayotakiwa anaweza kubeba madeni ya aliyemuuzia hata kama waliandikiana vinginevyo. Marekani majimbo mengi yalizifuta sheria za aina hii baada ya pendekezo la kuzifuta la 1989, California bado inayo na inataka notisi itoke angalau siku 12 za kazi kabla. Kama kwako ipo na hakuna notisi iliyotoka, huhitaji kuanza na habari za nia ya mtu.

Ufilisi ukiingia katikati

Mdaiwa akitangazwa mufilisi au kampuni ikiwekwa chini ya mfilisi, mara nyingi haki ya kuyapinga mauzo inahamia kwa mfilisi na kesi yako inasimama. Inauma kwa sababu wewe ndiye uliyehangaika na atakachopata kinagawanywa kwa wote. Lakini mfilisi ana meno ambayo wewe huna, anaweza kuwahoji wakurugenzi na kudai vitabu. Mpelekee faili lako lote likiwa limepangwa, mfilisi asiye na pesa wala ushahidi hataigusa hiyo kesi. Wadai wengine huchanga gharama za kesi, na kuna sehemu wanaochanga hufikiriwa kwanza kwenye mgao, waulizeni kabla ya kutoa pesa.

Usiyoyafanya: usiende kuchukua mzigo mwenyewe usiku na vijana, hata kama unaujua ni wa kwako, utageuka mshtakiwa. Usitishie kumfunga mtu ili alipe, sehemu nyingine hilo lenyewe ni kosa. Na akikuletea malipo kidogo na karatasi ya kusaini, isome neno kwa neno, ikisema umepokea kumaliza madai yote dhidi yake "na mtu mwingine yeyote" umemwachia na shemeji.

Fanya hesabu pia. Mzigo wa kuharibika haraka, deni dogo, mnunuzi naye hana kitu, hapo makubaliano ya kulipwa sehemu kwa awamu na dhamana ya mtu mwenye mali yanashinda hukumu nzuri ya ukutani. Mzigo ukiwa mkubwa na bado uko ghalani, pigana.

Ukishinda na mzigo ukakamatwa, nenda mwenyewe siku dalali wa mahakama anapouhesabu, na nakala za delivari noti zako mkononi. Hesabu ile ikiandikwa pungufu ndio imeshapungua, na maboksi ya mbele huwa yamejaa, ya nyuma ndio ya kufungua.